JE, THELUJI BADO IPO?

Safari ya mume na mke kutoka Logiri hadi milima ya Rwenzori

Katika kijiji chetu cha Logiri, kusini mwa mji wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, yuko mzee mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 50 amekuwa akihadithia jambo lile lile. Mzee huyo ni baba yangu mzazi. Ujanani mwake alikuwa askari, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alipelekwa kazini huko Kasese. Asemavyo yeye, asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, alitoka hemani na kikombe cha chai mkononi, akainua macho, akaona mlima mweupe umesimama juu ya mawingu. Haukuwa weupe wa mawe, wala haukuwa weupe wa ukungu. Ulikuwa weupe wa theluji, na jua lilipoupiga ulimeta hata akalazimika kufumba jicho moja.

Watu wa Logiri walimsikiliza kwa adabu, kisha wakacheka. Kwetu mvua ya mawe huanguka mara chache, na huyeyuka kabla watoto hawajaiokota yote. Kwamba ndani ya Uganda hii hii, karibu kabisa na ikweta, kuna mahali ambapo barafu hulala mwaka mzima, hilo walilihesabu kuwa ni porojo za askari wastaafu. Vijana wakampa jina la utani, wakamwita mtu aliyeona chumvi mbinguni.

Siku moja Mzee alisikia redioni kwamba barafu ya Rwenzori inakwisha. Macho yake sasa yamefifia, lakini masikio bado ni ya mlinzi wa zamu. Aliniita, akaniketisha, akaniuliza swali moja tu: "Je, ile theluji bado ipo?"

Mimi nina cheti cha ualimu. Kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini nilifundisha jiografia ya shule ya msingi kwa miaka kadhaa. Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wanafunzi: vitabu vinasema hivi na vile. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikukuuliza vitabu vinasemaje, mwanangu. Nimekuuliza kama ipo."

Ndugu msomaji, niliona haya. Nimeuchora mlima ule ubaoni kwa chaki nyeupe mara zisizo na idadi, nami sijapata kuuona hata mara moja.

FEDHA ZA MABATI

Mke wangu ni muuguzi. Tumeoana miaka 11, lakini kwa sababu za kazi yeye amekuwa akiishi wilaya moja na mimi wilaya nyingine. Wake na waume wa askari jeshi na polisi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa maisha hayo. Barua na simu huwa nyingi, na likizo huwa chache. Nazo likizo zenyewe huishia katika matanga, harusi, kupalilia mihogo na kulipa karo. Mtu na mkewe hukutana kama wageni, wakahesabu madeni, wakaagana.

Kwa muda wa miaka miwili tulikuwa tumejiwekea akiba katika chama cha kuweka na kukopa ili tuezeke nyumba yetu ya Logiri kwa mabati. Nilipomwambia mke wangu habari za swali la Mzee, nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliuliza ni siku ngapi kwenda na kurudi, akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu: nauli za basi, malazi, kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, wapagazi na chakula. Hesabu ilipokwisha, akiba yetu ilikuwa imeliwa karibu yote.

Ndugu zangu walipopata habari, dada yangu mkubwa alisema waziwazi kwamba hajapata kuona watu wazima wakiacha nyumba inavuja ili waende kutazama mvua ya mawe. Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyejibu, tena kwa upole: "Wifi yangu, mabati yapo dukani mwaka mzima."

Tuliondoka mwezi wa Januari, kwa kuwa ile mvua ya Rwenzori hupungua kidogo kati ya Desemba na Februari, na tena kati ya Juni na Agosti. Nasema hupungua, kwa maana haikatiki kamwe.

KUUFUATA MTO NYUMA NYUMA

Basi liliondoka Arua alfajiri. Tukapita Nebbi, kisha tukaanza kuteremka kuelekea Pakwach, mahali ambapo joto hukupokea kama mlango wa tanuri. Pale darajani, Mto Nile ulikuwa mpana na mtulivu, ukibeba magugu ya maji kuelekea kaskazini. Mke wangu aliniuliza maji yale yanatoka wapi. Nikaanza kumweleza, na katika kueleza huko nikatambua kwamba safari yetu ilikuwa ni kuufuata mto ule nyuma nyuma hadi kwenye moja ya vyanzo vyake.

Mvua na barafu za Rwenzori hushuka kwa mito kama Mubuku hadi Ziwa George. Kutoka huko maji hupita Mfereji wa Kazinga, yakaingia Ziwa Edward, yakatoka kwa Mto Semliki, yakazunguka nyuma ya milima ile ile upande wa Kongo, yakaingia Ziwa Albert. Huko hukutana na maji yatokayo Ziwa Victoria, kisha yote pamoja hupita Pakwach na kuambaa nchi yetu ya Nile Magharibi hadi Sudan Kusini. Kwa hiyo maji ya mlima uliochekwa na watu wa Logiri yamekuwa yakipita mashariki mwa nchi yao siku zote, nao hawana habari.

Si mbali na Pakwach, kwa upande wa kaskazini, iko Wadelai. Hapo katika miaka ya 1880 alikaa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta chini ya Misri, akiwa amekatwa na ulimwengu kwa sababu ya vita vya Mahdi huko Sudan. Henry Morton Stanley alitumwa kumtafuta. Akiwa kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, tarehe 24 Mei 1888, kijana mmoja wa msafara wake alimwonyesha mlima wa mbali uliosemekana kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley alipotazama sana, akatambua kuwa ile haikuwa chumvi bali theluji. Mke wangu aliposikia hayo alicheka hata abiria wakageuka. "Kumbe Mzee hakuwa wa kwanza kuona chumvi mbinguni!"

Tukavuka Karuma, penye maporomoko na bwawa la umeme la megawati 600 lililozinduliwa mwaka 2024. Huko Kigumba tukaiacha njia ya Kampala, tukashika ya Masindi na Hoima. Zamani safari ya Hoima hadi Kyenjojo ilikuwa ya vumbi na matope. Siku hizi ni lami, na Hoima yenyewe imekuwa mji wa shughuli nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyogunduliwa kandokando ya Ziwa Albert. Baada ya Kagadi nchi ilianza kupanda na hewa ikapoa. Tulipoanza kuona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za kuruta, tukajua kwamba tumekaribia Fort Portal.

MAZIWA YALIYOZALIWA NA MOTO

Kandokando ya Fort Portal yako maziwa madogo mengi, mviringo kama bakuli, yenye kingo za mwinuko mkali. Maelfu ya miaka iliyopita ardhi ililipuka kwa moto wa chini, ikaacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Tulikodi pikipiki mbili tukayatembelea kwa nusu siku. Tulipofika Ziwa Nyinambuga, mke wangu alitoa noti ya shilingi 20,000, akaiinua mbele ya macho, akalinganisha picha iliyomo na ziwa lililo mbele yake. Akasema kwamba siku zote ameishika noti hiyo kwa kuwaza dawa, sukari na karo, hakupata kuwaza kwamba ndani yake mna mahali.

Hapo nilimweleza jambo ambalo wengi hukosea. Kilimanjaro, Kenya na Elgoni ni milima iliyojengwa na volkano. Rwenzori si volkano, ingawa majirani zake ni maziwa ya volkano. Ni bonge kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Kwa sababu hiyo haina kilele kimoja kama paa la msonge, bali ina milima sita iliyokaa pamoja: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kupita vyote, Margherita, kiko juu ya mlima Stanley, nacho kina mita 5,109. Katika Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na Kenya tu. Mtu wa kwanza kuandikwa kuwa alikikwea ni mwanamfalme wa Kitaliano, Luigi Amedeo wa Abruzzi, tarehe 18 Juni 1906. Yeye ndiye aliyeigawia milima ile majina ya wasafiri wa Ulaya.

Lakini wenyeji walikuwa na majina yao kabla ya wote hao. Bakonzo, ambao mteremko ule ni kwao, huiita theluji Nzururu, na husema kwamba juu huko hukaa Kitasamba, mwenye nguvu za mlima. Ufalme wao wa Rwenzururu, uliotambuliwa na serikali, umelitoa jina lake katika theluji hiyo hiyo. Mwongozaji wetu alituambia hayo jioni ya kwanza, nami nikamwambia kwamba kwetu Walugbara nasi tuna milima ya wazee wetu. Mashujaa wetu wa asili, Jaki na Dribidu, husemwa kuwa walifia mmoja katika mlima Liru, upande wa Koboko, na mwingine katika mlima Wati. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye hakujua Kilugbara, mimi sikujua Lukonzo, na yote haya tuliyasema kwa Kiswahili.

KUPANDA

Tulianza kupanda kutoka Nyakalengija, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO ukaiandika miongoni mwa urithi wa dunia. Wasomaji wetu askari watakumbuka pia kwamba kati ya mwaka 1997 na 2001 ilifungwa kwa sababu ya waasi wa ADF waliojificha humo, na kwamba njia tunazotembea leo kwa fimbo wengine walizipita kwa bunduki, usiku, mvuani, bila kuwa na nafasi ya kutazama maua.

Siku ya kwanza ni ya msitu. Miti ni mikubwa, mto Mubuku unanguruma kushoto, na njia inapanda hadi Nyabitaba, penye mita 2,652. Siku ya pili unapita mianzi, kisha unaingia katika nchi isiyofanana na kitu chochote nilichowahi kukiona: miti iliyopinda, iliyovikwa kuvumwani mbichi toka shinani hadi ncha za matawi, ikidondosha maji kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa. Mke wangu aliuliza kwa nini hakuna ndege wanaoimba. Mwongozaji akasema wapo, ila hapa hata ndege huzungumza kwa sauti ya chini.

Siku ya tatu ndiyo ya kinamasi. Mabuti ya mpira si anasa huko. Asiyekuwa nayo na arudi. Unaruka toka kichaka cha majani hadi kichaka, na ukikosea unazama hadi gotini katika tope jeusi la baridi. Lobelia husimama kama mishumaa mirefu kuliko mtu, na senesio, ambazo kwetu jamaa zake ni majani madogo ya kawaida tu, huko zimekuwa miti yenye vichwa vya kabichi. Jioni tulifika Bujuku, karibu na ziwa la jina hilo, kwenye mita 3,962. Mawingu yalikuwa yamefunga kila kitu. Mwongozaji alinyosha mkono kushoto akasema, "Pale ni Baker," akageuka, "pale ni Stanley, na pale Speke." Tuliona ukungu, ukungu, na ukungu.

Mpango wetu ulikuwa kesho yake kupanda hadi njia ya Scott Elliot, penye mita 4,372, ambako mtu hupita chini kabisa ya mlima Stanley, kisha kuteremka kwa maziwa ya Kitandara. Huko ndiko nilikotaka kusimama niseme: nimeiona, Mzee, kwa karibu.

USIKU WA BUJUKU

Usiku ule mke wangu hakula. Alisema amechoka tu. Muuguzi ni mgonjwa mgumu. Huwajua wagonjwa wote isipokuwa yeye mwenyewe. Saa sita za usiku nilisikia anatoka nje kutapika. Aliporudi, kichwa kilikuwa kinampasuka, na alipojaribu kufunga kamba za viatu vidole havikumtii sawasawa. Hapo hakuweza kunificha tena. Kichwa kilikuwa kimeanza tangu asubuhi, naye alinyamaza ili asiniharibie safari.

Nilimwamsha mwongozaji. Alimmulika kwa tochi, akamuuliza maswali machache, akamwambia atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka. Kisha akaniambia bila kupamba maneno, "Kukipambazuka huyu anashuka. Hapandi hata hatua moja."

Naomba wasomaji walizingatie jambo hili, hasa vijana wetu wa vikosini wanaodhani kuwa nguvu za mwili hushinda kila kitu. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi na mwili hupata oksijeni kidogo. Ugonjwa wa mwinuko hauchagui mnene wala mwembamba, mwoga wala shujaa. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukipuuzwa, maji huweza kujaa katika mapafu au ubongo ukavimba, na mtu akafa ndani ya muda mfupi. Dawa yake kubwa ni kushuka. Anayepanda na apande polepole, anywe maji, wala asifiche maumivu ya kichwa kwa ajili ya kumpendeza mwenzake.

Wakati tukingoja mapambazuko mke wangu aliniambia, "Wapagazi wawili wanatosha kunishusha. Wewe endelea na mwongozaji. Tumetumia fedha zote za nyumba. Mzee anangoja jibu."

Nitasema kweli. Kwa dakika kadhaa nililifikiria shauri lile, nikaona linafaa. Nilijiambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyelitoa. Kwamba wapagazi ni watu waaminifu. Kwamba njia ya Scott Elliot ni mwendo wa saa chache tu. Nilikuwa na sababu nzuri kila upande. Kisha nikakumbuka ile miaka 11. Alipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilikuwa kwenye semina. Alipopata ajali ya pikipiki nilikuwa kwenye mitihani. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri, tena ya kazi, na kila mara yeye ndiye aliyesema "wewe endelea." Nikaanza kufunga shanta lake pamoja na langu. Hakusema neno, lakini alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama kisima.

DAKIKA KUMI

Tulitoka nje kulipopambazuka. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani, ukilia chini ya mabuti. Tulikuwa tumeshageuza migongo kuelekea chini mwongozaji aliposema, "Simameni."

Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa magharibi. Juu ya miamba myeusi, juu sana kuliko mahali tulipokuwa tukipatazamia jana yake, ilikuwapo. Ilikuwa nyeupe, yenye rangi ya waridi pembeni kwa sababu ya jua la asubuhi, na chini yake palikuwa na buluu kama ya chupa. Mke wangu, pamoja na maumivu yake yote, alikaa juu ya jiwe, akaweka viganja kandokando ya macho, akatazama. Hatukupiga picha mpaka mwongozaji alipotukumbusha.

Lakini haikuwa mlima mweupe wa Mzee. Ilikuwa kipande. Chini ya barafu ile mwamba ulikuwa mtupu, laini, wa rangi ya majivu, kama mahali palipotolewa bandeji. Mwongozaji, ambaye baba yake naye alikuwa mpagazi, alituonyesha kwa fimbo mahali barafu ilipofika wakati wa baba yake, kisha ilipofika alipoanza kazi yeye mwenyewe, kisha ilipo leo. Alionyesha pia Speke na Baker. "Huko," akasema, "sasa ni kubahatisha."

Hesabu za wataalamu zinaafikiana na fimbo yake. Mwaka 1906 palihesabiwa mito ya barafu 43 katika milima yote sita, yenye eneo la jumla la karibu kilomita za mraba 7. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki katika milima mitatu tu, nayo eneo lake halikuzidi sana kilomita moja ya mraba. Tangu hapo imeendelea kupungua. Hewa ya dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na mitambo, ambao sehemu kubwa yake haukutoka Kasese wala Logiri.

Nilimwuliza mwongozaji kama mito itakauka barafu ikiisha. Akasema hapana, na hapo pia wataalamu wanamuunga mkono: maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya mto Mubuku, mengi hutoka katika mvua na katika vile vinamasi vilivyotumeza miguu. Hatari ya maji katika nchi ile ni ya namna nyingine. Mwezi wa Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabeba mawe makubwa, ukaharibu nyumba na hospitali huko Kilembe. "Barafu ikienda," akasema mwongozaji, "maji yatakuwapo. Litakalokosekana ni lile ambalo babu zetu walikuwa wakilitazama wakijua kwamba wako nyumbani."

Baada ya dakika kumi hivi mawingu yakafunga. Tukashuka.

CHUMVI YA KATWE

Kufika Nyabitaba maumivu ya kichwa cha mke wangu yalikuwa yamepungua nusu, na kufika langoni aliomba posho na maharagwe, akala sahani mbili. Tukapumzika Kasese siku moja. Kwa fedha kidogo zilizobaki tukaenda Mfereji wa Kazinga, tukapanda mashua pamoja na watoto wa shule, tukaona viboko, nyati na tembo wakinywa maji ukingoni. Niliwaeleza watoto wale kwamba mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin Dada, na Ziwa Albert jina la Mobutu Sese Seko, na kwamba majina yale yamekwisha kuondoka ilhali maji yangali yale yale. Mtoto mmoja akauliza, "Na viboko waliambiwa?"

Kutoka hapo tukafika Katwe, penye ziwa la chumvi. Wanaume husimama majini wakivunja mabamba ya chumvi toka chini, na wanawake huvuna chumvi katika vijiwanja vilivyogawanywa kwa miti na udongo. Kazi hiyo ni ngumu, maji yale huchoma ngozi, na jua halina huruma. Mke wangu alizungumza sana na akina mama wale juu ya vidonda vya miguu, akanunua kilo mbili za chumvi.

JIBU

Tulipofika Logiri, Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe. Majirani walikusanyika, na dada yangu alileta viti bila kusema kitu. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini. Ningeweza kusema "ipo" tu, na hilo lisingekuwa uongo. Mzee mwenye miaka 80 na zaidi angelala akiwa na mlima wake mzima.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba ipo, kwamba tuliiona sote wawili, kwamba inameta kama alivyosema. Kisha nikamwambia kwamba imekuwa kipande, na kwamba wajukuu wa watoto wangu huenda wasiione. Nikamwonyesha picha, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali, akanirudishia kwa kuwa hakuona kitu. Mke wangu akafungua mfuko, akamtilia chumvi ya Katwe kiganjani, akamwambia, "Baba, ni nyeupe hivi, lakini ni baridi hata inauma meno."

Mzee aliifumba ile chumvi mkononi kwa muda mrefu. Kisha aliwageukia majirani, akasema kwa sauti ya askari wa gwaride, "Mmesikia?" Akanyamaza. Halafu akanigeukia mimi kwa sauti ya kawaida: "Basi msingoje kustaafu. Mpelekeni mtoto wenu mkubwa mapema."

Nyumba yetu ingali inavuja upande wa jikoni, na akiba tumeianza upya kwa shilingi za kwanza. Dada yangu ndiye aliyetoa mchango wa mabati mawili, akasema ni ada ya kusimuliwa.

Ndugu wasomaji, si kila mume na mke waweza kufika Rwenzori, wala haifai mtu akope ili atalii. Lakini mlima Wati uko karibu na Arua, Liru uko Koboko, na Nile iko Pakwach kwa nauli ya asubuhi moja. Wekeni kidogo kidogo, ombeni likizo kwa wakati mmoja, ulizeni usalama wa njia kwa wenye mamlaka, mwende pamoja. Na mmoja wenu akiumwa kichwa, shukeni wote wawili.